Watunga mashairi wa lugha ya Kireno: nani amepewa kinywa?



Mpaka ulio mrefu kupita mipaka yote ya nchi yetu ya Kongo ni ule wa Angola. Ng'ambo yake watoto hufundishwa shuleni kwa Kireno, kama sisi tunavyofundishwa kwa Kifaransa. Kireno husemwa tena Msumbiji, Guinea-Bissau, Cabo Verde na São Tomé, hata Brazili ng'ambo ya bahari, ambako wajukuu wa watu waliotolewa huku Kongo na Angola ni wengi sana. Lakini tukiulizana ni mtunga mashairi gani wa lugha hiyo tunayemjua, wengi wetu watanyamaza. Kwa hiyo tumeona vema kuandika habari za wanne kati yao: Luís de Camões wa Ureno, Castro Alves na Luiz Gama wa Brazili, na José Craveirinha wa Msumbiji.

Hatutaki kuwasifu tu, maana kusifu bila kupima si kazi ya msomaji mwenye akili. Wala hatutaki kuwahukumu kwa sababu ya rangi au ya taifa lao. Tutawauliza wote swali moja: katika mashairi yake, mtunzi huyu amempa nani kinywa, na amemnyima nani? Shairi ni kama baraza la wazee. Aliyeruhusiwa kusema, neno lake linabaki. Aliyeketi nyuma akanyamazishwa, watu huondoka bila kujua yaliyo moyoni mwake.

1. Camões, askari maskini

Luís de Camões alizaliwa karibu na mwaka 1524. Ukoo wake ulikuwa wa heshima, lakini mali hawakuwa nayo. Alikuwa askari kule Ceuta, Afrika ya Kaskazini, na wasimulizi wanasema ndiko alikopoteza jicho lake la kuume. Mwaka 1552, siku ya sikukuu ya Sakramenti Takatifu, alimjeruhi kwa upanga mtumishi mmoja wa nyumba ya mfalme mjini Lisboa, akatiwa gerezani. Mwaka uliofuata akasamehewa, akapanda merikebu kwenda Bara Hindi kuwa askari wa mfalme. Alikaa huko mashariki karibu miaka 17.

Katika miaka hiyo merikebu yake ilivunjika karibu na mlango wa mto Mekong. Watu husimulia kwamba aliogelea kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili alizishika juu ya maji karatasi za utenzi wake. Hadisi hiyo inapendeza, lakini tusiishikilie mno. Yeye mwenyewe, ndani ya utenzi, anasema tu kwamba nyimbo zake ziliokoka majini zikiwa zimelowa. Mambo mengine ni pambo la watu wanaompenda. Msomaji mwema hupenda kujua maisha ya mtunzi, lakini haachi hadisi za maisha zikae mahali pa kazi yenyewe.

Habari iliyo hakika zaidi, na ya kusikitisha, ni ya pwani yetu ya Afrika. Diogo do Couto, rafiki yake, aliyeandika historia ya Wareno wa mashariki, alimkuta Kisiwa cha Msumbiji akiwa maskini kabisa, akila chakula cha marafiki. Hao ndio waliomvika na kumlipia safari ya kurudi kwao. Akafika Lisboa mwaka 1570. Mwaka 1572 utenzi wake ulipigwa chapa, na mfalme Sebastião akaamuru apewe malipo ya mwaka ya reis 15,000, nayo si mali nyingi. Camões alikufa tarehe 10 Juni 1580, na siku hiyo ndiyo sikukuu ya taifa la Ureno hata leo.

2. Utenzi wa Wareno

Utenzi huo huitwa Os Lusíadas, ndiyo kusema wana wa Lusus, maana Wareno walijihesabu kuwa uzao wa Lusus, mtu wa hadisi za kale. Una nyimbo 10 na beti 1102. Kila ubeti una mistari 8, na kila mstari mizani 10. Mstari wa 1, wa 3 na wa 5 huishia kina kimoja. Wa 2, wa 4 na wa 6 kina kingine. Kisha miwili ya mwisho ina kina chake yenyewe. Tenzi zetu za pwani zina mistari 4 ya mizani 8, na kina cha mstari wa nne hurudi toka ubeti wa kwanza hata wa mwisho, kama mlio wa ngoma moja usiokatika usiku kucha. Ubeti wa Camões hauendi hivyo. Unajaa polepole kwa mistari 6, kisha mistari 2 inaufunga kama kifuniko cha sanduku. Kwa sababu hiyo Camões ni hodari sana wa kutoa hukumu: anasimulia, halafu anakata shauri.

Habari yenyewe ni safari ya Vasco da Gama ya mwaka 1497 na 1498, toka Lisboa hata Bara Hindi kwa kuizunguka Afrika. Camões ametia humo miungu ya Wagiriki na Warumi: Venus anawapenda Wareno, Bakus anawachukia. Pengine Mkristu atashangaa. Wakati ule walishangaa vilevile, na padri Bartolomeu Ferreira, wa shirika la Mtakatifu Dominiko, aliyepewa kazi ya kukichunguza kitabu kabla ya kupigwa chapa, alijibu kwamba miungu hiyo ni pambo la ushairi tu. Camões naye amehakikisha jambo hilo, maana katika wimbo wa kumi mmoja wa miungu hiyo anakiri mwenyewe kwamba wao ni wa hadisi tu.

Basi tuje pwani yetu. Vasco da Gama alifika Mombasa tarehe 7 Aprili 1498, na Malindi tarehe 14 ya mwezi uleule. Katika wimbo wa pili, Mombasa ni mji wa hila tupu. Bakus anajigeuza padri, anatengeneza altare ya uwongo ili kuwadanganya Wareno wawili waliotumwa mjini kutazama. Ndipo Venus na mabinti wa bahari wanazisukuma merikebu kwa vifua vyao zisiingie bandarini.

Kwa uhodari wa kuchora mambo, sehemu hiyo ni nzuri sana. Kwa haki, ina kasoro kubwa. Watu wa Mombasa hawana sura, hawana jina, hawana shauri lao wenyewe. Wao ni vyombo vya Bakus tu. Lakini wimbo wa kwanza umekwisha kutuambia kwamba Wareno walipiga mizinga kule Kisiwa cha Msumbiji. Mwenye bandari akimwona mgeni wa namna hiyo anakaribia, je, ni ajabu akiwa na mashaka? Camões ametuonyesha mizinga, kisha ameisahau.

Mfalme wa Malindi amepata bahati njema zaidi. Yeye amepewa kinywa: anawakaribisha wageni kwa maneno ya heshima, kisha anamwomba Gama amsimulie habari za nchi yake. Lakini angalieni. Kwisha kuuliza, mfalme ananyamaza, na Gama anasema kwa muda wa nyimbo tatu nzima, ya 3, ya 4 na ya 5. Mwafrika mwema, kwa Camões, ni yule anayesikiliza.

Na sisi watu wa Kongo je? Tumo. Katika wimbo wa tano, merikebu zikiteremka kando ya Afrika, ubeti mmoja unautaja ufalme mkubwa wa Kongo, wenye kumfuata Kristu kwa kazi ya Wareno, na mto Zaire unaopita humo, ndio mto wetu Kongo. Ni kweli kwamba mfalme Nzinga a Nkuwu alibatizwa mwaka 1491. Lakini mwanawe, mfalme Afonso, Mkristu wa kweli aliyesoma sana, alimwandikia mfalme wa Ureno mwaka 1526. Alilalamika kwamba wafanyabiashara wanawakamata watu wake kila siku na kuwauza, hata wana wa wakubwa na wa jamaa yake mwenyewe, na nchi inabaki bila watu. Barua hiyo iliandikwa Camões akiwa mtoto mchanga. Karibu miaka 50 baadaye alipochapisha utenzi wake, alitaja ubatizo, hakutaja machozi. Ndiyo kasoro ya pili, nayo kwetu ni nzito kuliko ya kwanza, maana kinywa kilikuwako, tena cha mfalme, tena kwa lugha ya Kireno, na utenzi haukukisikiliza.

3. Mzee wa pwani na jitu la rasi

Tukiishia hapo, tungeweza kusema: basi, tukiweke mbali kitabu hiki. Wako wenye elimu wanaosema hivyo. Sisi hatukubali, na sababu yetu imo ndani ya kitabu chenyewe.

Mwisho wa wimbo wa nne, merikebu zikiwa tayari kung'oa nanga pale Belém, mzee mmoja amesimama pwani katikati ya wanawake wanaolia. Anapaza sauti. Anawalaumu wasafiri kwa tamaa ya sifa na ya utawala. Anasema kwamba jina zuri la ushujaa linafunika hasara ya watu wengi. Hakuna anayemjibu. Camões angaliweza kumjibu kwa ubeti mmoja, maana ndiyo kazi anayoiweza kuliko wote, lakini hakufanya. Amemwacha mzee na neno lake likiwa neno la mwisho la wimbo ule, na msomaji anaingia baharini nalo masikioni.

Tena katika wimbo wa tano, karibu na Rasi ya Tumaini Jema, jitu kubwa la kutisha linatokea mbele ya merikebu. Jina lake Adamastor. Ndiyo rasi yenyewe iliyopewa kinywa. Linawatabiria Wareno mabaya yatakayowapata kwa kufungua njia isiyokuwa yao. Miongoni mwa mengine, linatabiri kifo cha mtawala wao wa kwanza wa Bara Hindi, Francisco de Almeida, na linasema kwamba Kilwa na Mombasa zilizobomolewa zinamngojea pamoja nalo. Habari hiyo ni ya kweli. Almeida aliipiga Kilwa na kuichoma moto Mombasa mwaka 1505, naye akauawa na wenyeji wa rasi ile mwaka 1510, akiwa njiani kurudi kwao.

Sasa mwenye kitabu afungue wimbo wa kumi. Huko Mombasa inatajwa tena, mji wa nyumba nzuri, na mtunzi anasema kwamba kuchomwa kwake ni malipo ya makosa yake. Basi kitabu kimoja kina hukumu mbili juu ya moto mmoja: Mombasa ilistahili kuungua, na Mombasa itamlipiza aliyeichoma. Hukumu ya kwanza imewekwa katika kinywa cha wenye kushinda. Ya pili imewekwa katika kinywa cha jitu la kutisha. Camões, askari wa mfalme, hakuthubutu kumpa Mwafrika neno hilo, akalipa jiwe la Afrika. Kasoro ni ileile, lakini ndani yake mna ukweli unaotafuta njia ya kutoka.

Tuongeze neno moja juu ya mashairi yake mafupi. Liko moja juu ya mwanamke mtumwa, Bárbara, mwenye rangi nyeusi. Camões anasifu uzuri wake na upole wake kupita wanawake weupe waliosifiwa na washairi wote wa wakati ule, na anasema kwamba mtumwa wa kweli ni yeye mtunzi. Ni shairi tamu, lenye heshima kuliko desturi ya wakati wake. Lakini Bárbara hasemi kitu, na mwisho wa shairi yeye bado ni mtumwa kweli, na mwenzake ni mtumwa wa maneno tu.

4. Castro Alves: mlio wa merikebu

Njia ile ya bahari iliyosifiwa na Camões ikawa njia ya watumwa. Brazili peke yake ilipokea karibu watu milioni 5 toka Afrika, kupita nchi nyingine yote ya Amerika.

Antônio de Castro Alves alizaliwa jimbo la Bahia tarehe 14 Machi 1847, mtoto wa watu wenye mali. Alisoma sheria mjini Recife na São Paulo, lakini watu walimjua zaidi kwa kusema mashairi yake mbele ya makutano. Mwaka 1868, akiwa na miaka 21, alitunga shairi juu ya merikebu ya watumwa, O Navio Negreiro. Mwaka uleule, katika kuwinda, bunduki ilimjeruhi mguuni, na baadaye mguu ukakatwa. Kifua kikuu kikammaliza tarehe 6 Julai 1871, akiwa na miaka 24. Alipokufa alikuwa amechapisha kitabu kimoja tu.

Shairi hilo lina sehemu sita. Mwanzoni ni bahari tu, mbalamwezi, tanga na upepo. Mabaharia wa kila taifa wanaimba nyimbo zao. Msomaji anafurahi na kujiona yuko kwa Camões. Ndipo mtunzi anashuka na kutazama ndani ya merikebu, na mizani inageuka: mistari inakuwa mifupi, inarukaruka kama watu wanaochezeshwa kwa mjeledi. Mwisho anaigeukia bendera ya nchi yake mwenyewe, anaona aibu kwamba inafunika uovu ule, na Columbus anamlaumu kwa njia aliyoifungua. Kugeuza uzuri wa bahari kuwa mashtaka, bila kuuondoa uzuri wenyewe, ni kazi ya mtunzi mkubwa.

Wengine husema: mbona alichelewa? Biashara ya kuleta watumwa toka Afrika ilikatazwa kwa sheria ya mwaka 1850, na yeye aliandika mwaka 1868. Ni kweli. Lakini waliokwisha kuletwa na watoto wao walikuwa bado katika utumwa, nao hawakufunguliwa hata tarehe 13 Mei 1888. Alitaja merikebu ili watu wa nchi kavu waone aibu ya shamba lao.

Kasoro yake ni nyingine. Watumwa wa Castro Alves wanalia, wanaanguka, wanakufa kwa kiu, lakini hawasemi. Mwenye kusema ni mtunzi, naye anamwita Mungu, anaziita dhoruba, anaita bahari. Anawahurumia kwa moyo wote, wala hatuna shaka juu ya machozi yake. Lakini huruma pia yaweza kumnyima mtu kinywa, tukisema badala yake na kusahau kumwuliza.

5. Luiz Gama: aliyeuzwa na baba yake

Wakati huohuo, katika mji uleule wa São Paulo, alikuwako mtu asiyehitaji msemaji. Jina lake Luiz Gama. Msomaji atacheka akisikia jina hilo. Kweli, historia imetupa akina Gama wawili, mmoja aliyefungua njia ya bahari, na mmoja aliyeuzwa juu ya merikebu.

Luiz Gama alizaliwa Salvador tarehe 21 Juni 1830. Habari za utoto wake tunazijua kwa barua aliyomwandikia rafiki yake mwaka 1880. Mama yake, Luísa Mahin, alikuwa mwanamke wa Afrika ya Magharibi, mwungwana asiye mtumwa. Baba yake alikuwa mtu wa ukoo mkubwa wenye asili ya Ureno, aliyemaliza mali yake kwa michezo ya kamari. Mwaka 1840, mtoto akiwa na miaka 10, baba alimchukua kwenda merikebuni, akamwuza. Katika barua ile Gama hakulitaja jina la baba yake. Alisema amemficha ili asimwaibishe. Tunaomba msomaji afikiri kidogo juu ya adabu hiyo: mtoto aliyeuzwa anaitunza heshima ya aliyemwuza.

Alikuwa mtumwa nyumbani kwa mtu mmoja wa São Paulo. Mwaka 1847, akiwa na miaka 17, kijana mwanafunzi aliyepanga katika nyumba ile alimfundisha kusoma. Mwaka uliofuata alikwisha kupata ushahidi kwamba alizaliwa mwungwana, akatoka utumwani. Mwaka 1859, miaka 12 tu baada ya kujua herufi, alichapisha kitabu cha mashairi, Primeiras Trovas Burlescas, ndiyo kusema mashairi ya mzaha.

Mzaha! Tulitazamia kilio, yeye analeta kicheko. Wakati ule watu wa rangi waliitwa kwa matusi "mbuzi". Gama hakukataa jina. Katika shairi linalojulikana zaidi anauliza yeye ni nani, kisha anahesabu: ikiwa mimi ni mbuzi, basi mbuzi wamo katika kila cheo cha nchi hii, maskini na tajiri, wakubwa na wadogo, wala hata watu wa Kanisa hawakusazwa. Maana katika Brazili ni wengi wanaoficha nyanya yao Mwafrika nyuma ya kabati. Tusi lililotupwa kwa mmoja limerudi likawa jina la kundi zima.

Tukimpima kwa ufundi, Gama hafiki kwa Camões. Mistari yake mingine ni ya haraka, na mizaha mingine imechakaa pamoja na watu aliowacheka. Haya tuyaseme bila kuficha, maana kumsifu mtu kwa mateso yake badala ya kazi yake ni kumdharau kwa namna nyingine. Lakini liko jambo alilolifanya ambalo Camões na Castro Alves hawakuliweza: katika mashairi yake aliyeuzwa ndiye anayetazama, na bwana ndiye anayetazamwa. Tena anajua kuacha mzaha. Shairi alilotunga juu ya mama yake ni la upole mtupu. Alimtafuta Rio de Janeiro mwaka 1847, 1856 na 1861, wala hakumwona tena.

Kazi yake haikuishia karatasini. Alijifunza sheria mwenyewe, akapata ruhusa ya kusimama mahakamani, akaitumia sheria ya mwaka 1831 iliyosema kwamba mtu yeyote aletwaye toka Afrika baada ya hapo ni huru. Sheria hiyo ilikuwa imelala vitabuni, wakubwa wakijifanya hawaijui. Kwa njia hiyo na nyingine za mahakama aliwafungua watu zaidi ya 500. Alikufa tarehe 24 Agosti 1882, kabla ya kuona mwisho wa utumwa. Mwaka 2015 chama cha mawakili wa Brazili kilimtambua kuwa wakili, miaka 133 baada ya kifo chake.

6. Craveirinha na tuzo yenye jina la Camões

Wa mwisho ni wa Afrika yenyewe. José Craveirinha alizaliwa mwaka 1922 katika mji ulioitwa Lourenço Marques, leo Maputo. Baba yake alikuwa Mreno, mama yake Mronga. Alikuwa mwandishi wa magazeti. Kitabu chake cha kwanza, Xigubo, kilitoka Lisboa mwaka 1964, nacho kina jina la ngoma ya kwao. Mwaka 1965 polisi ya siri ya Wareno ilimkamata, akakaa kifungoni karibu miaka minne. Mwaka 1974 alitoa kitabu kingine, Karingana ua Karingana. Maneno hayo ndiyo ambayo msimulizi wa Kironga hufungulia hadisi, kama watu wa pwani wanavyosema "Paukwa!" na wasikilizaji wakaitika "Pakawa!"

Hapo ndipo tunapouona uhodari wake. Anaandika Kireno, lakini maneno ya mama yake yanaingia ndani bila kuomba ruhusa, na mistari yake inapiga kama ngoma zaidi kuliko kuhesabu mizani ya Ulaya. Pengine sauti yake inapanda mno, na mashairi mengine ya siku za kupigania uhuru yanafanana na hotuba. Lakini baada ya mkewe Maria kufa mwaka 1979, alimwandikia mashairi mengi yaliyokusanywa katika kitabu chenye jina lake, na sauti ileile ya ngoma ikawa ya mjane anayesema polepole nyumbani jioni. Anayeweza sauti zote mbili ni mtunzi kamili.

Mwaka 1991 alipewa tuzo kubwa kupita zote za lugha ya Kireno, iitwayo Tuzo ya Camões. Alikuwa Mwafrika wa kwanza kuipata. Alikufa mwaka 2003. Mwanawe mwanamke wa Kironga, mtu wa pwani ileile ambapo Camões alikula chakula cha marafiki, akapokea sifa kwa jina la Camões. Hatudhani kwamba tuzo hiyo inalipa deni la zamani. Lakini inaonyesha kwamba lugha haikubaki mikononi mwa wale walioileta.

7. Na sisi je?

Pengine mtauliza: mambo haya ya Wareno yanatuhusu nini sisi watu wa Kiswahili? Yanatuhusu kwa karibu. Kiswahili hiki tunachokiandika hakikuota Maniema wala kando ya ziwa Tanganyika. Kililetwa huku katika karne ya 19 na misafara ya pembe na ya watumwa. Babu zetu walikisikia kwanza katika kinywa cha mwenye bunduki. Leo tunasali kwacho, tunaoa na kuzika kwacho, watoto wetu wanachekea kwacho. Lugha iliyoamuru minyororo ikawa lugha ya kubembelezea mtoto. Kwa hiyo Luiz Gama na Craveirinha si wageni kwetu. Wametutangulia katika kazi ambayo sisi tunaifanya kila siku bila kuifikiri.

Basi shauri letu ni hili. Camões asomwe. Walimu wanaotaka kumfundisha wasichague ubeti wa Kongo peke yake kwa sababu unatusifu, wala ukurasa wa Mombasa peke yake kwa sababu unakasirisha. Wasome mzee wa pwani na jitu la rasi pia, na barua ya mfalme Afonso iwekwe mezani kando ya utenzi. Castro Alves asomwe kwa sauti kubwa, maana ndivyo alivyotunga. Luiz Gama asomwe na kila kijana anayeona aibu ya asili yake.

Na ninyi vijana mnaotunga mashairi kwa ajili ya sikukuu za parokia, mkipewa habari ya kutunga, iwe ya mjane, ya mkimbizi, au ya mfungwa, msikimbilie vina. Nendeni kwanza kwa mwenye habari, mketi naye, mmwulize. Huku Maniema wako bado wazee wanaokumbuka hadisi walizosikia kwa babu zao juu ya misafara ile: nani alichukuliwa, kijiji gani, nani alirudi. Hadisi hizo hazijapata Camões wao. Ziandikeni, pamoja na majina, kabla wazee hao hawajanyamaza.